Mzazi yuko Hija, wewe uko Tanga: mwongozo kamili wa kumfuatilia afya kwa simu na vipimo

Mfungo Pili ukiingia, meza yangu ya ufundi simu hapa Ngamiani hujaa simu za wazee. Kijana anakuja na simu mpya ya mama yake na kiboksi cha saa janja: "Kaka niunganishie hii, niwe naiona presha yake nikiwa hapahapa." Ukimuuliza safari lini, anakwambia keshokutwa. Mfungo Tatu, mwezi wenyewe wa Hija, ukifika malalamiko yanaanza. Saa imezima, mashine inatoa namba za ajabu, bi mkubwa hapokei, na kundi la familia limechafuka.

Mimi si daktari, na chochote nitakachosema kuhusu namba kithibitishe kwa daktari wa mzee wako. Ila nimeandaa simu za kutosha kujua tunapokosea. Tunanunua kifaa, halafu yule atakayekitumia na yule atakayepokea majibu hatuwaandai kabisa. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, na uanze walau wiki sita kabla ya safari.

## Vitu vya kuwa navyo

- Mashine ya presha ya kufunga mkono wa juu, si ya kifundo cha mkono. Mkanda umwenee, mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba bure. Chukua na betri za akiba.
- Kama ana sukari: mashine ya sukari, sindano za kutobolea, na vijiti vya kutosha safari nzima na zaidi. Vijiti vya mashine moja havifanyi kazi kwenye mashine ya aina nyingine.
- Themomita ya kidijitali ya kwapani.
- Kipima oksijeni cha kidoleni, kwa mwenye pumu au tatizo la moyo au mapafu. Wengine si lazima.
- Simu ambayo mzee ameshaizoea. Usimpe mpya wiki ya safari.
- Pawabanki, ambayo hukaa kwenye begi la mkononi ndani ya ndege, si kwenye mzigo. Chaja zetu za miguu mitatu bapa zinaingia kwenye soketi za Saudia, huhitaji adapta.
- Daftari dogo na kalamu. Teknolojia ikikwama, hili halikwami.
- Mtu mmoja wa kupokea majibu huku nyumbani, na mtu mmoja wa kuwa karibu naye kule.

Saa janja sijaiweka kwenye orodha makusudi. Kwa kuhesabu hatua na mapigo ya moyo inasaidia, ukipata nzuri. Lakini hizi za bei chee zinazojisifu kupima presha, moja niliifunga kwenye mkate wa boflo hapa dukani, ikanipa presha 118 kwa 76. Boflo lilikuwa na afya njema. Mwenye saa alicheka, kisha akaniuliza kama anaweza kurudisha.

## Hatua ya 1: Anza kwa daktari

Mpeleke kliniki anakotibiwa siku zote, iwe Bombo au kwingine, kwa sababu kule faili lake lipo. Usitoke bila majibu manne yaliyoandikwa: namba zake za kawaida ni zipi, namba gani ikitokea atafute msaada, dawa zake zirekebishwe vipi kwenye joto, na kama kweli mwili wake unaimudu safari.

Swali la tatu ndilo watu hulisahau. Wazee wengi wa presha wanatumia dawa ya kukojoza maji. Hapa Tanga, na upepo wa bahari, anaimudu. Kule mtu anatoka jasho tangu asubuhi hadi usiku, na dawa ileile inaweza kumkausha. Usiipunguze kwa akili yako wala yake; daktari ndiye aseme.

Joto lenyewe si la mchezo. Hija ya 2024 nyuzi zilifika 51.8 kwenye eneo la Msikiti Mtukufu wa Makka, na serikali ya Saudia ikatangaza vifo zaidi ya 1,300. Wengi wao walikuwa watu waliokwenda bila kibali, wakatembea mwendo mrefu juani bila hema la kupumzikia. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha afya ni kibali halali na kikundi kinachoeleweka.

Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya kufika Saudia. Piga picha cheti, kihifadhi kwenye simu yake na yako.

Umefaulu ukiwa na: ukurasa mmoja wenye namba zake za kawaida, namba za hatari, na majina ya dawa. Andika jina halisi la dawa, kwa mfano amlodipine au metformin, si "kile kidonge cheupe". Ustadhi wa madrasa anaweza kukuandikia maelezo ya ugonjwa kwa Kiarabu, lakini majina ya dawa na vipimo vyake yaache kwa herufi zilivyo kwenye boksi.

## Hatua ya 2: Andaa simu

Kuza maandishi. Toa programu zisizotumika. Zima kelele za makundi yote, abaki na sauti ya simu na ya ujumbe wako. Jina la mpokeaji lipandishe juu kabisa ya WhatsApp, na picha ya uso wake, ili asiyesoma vizuri bila miwani abonyeze sura.

Kwenye mipangilio kuna sehemu ya maelezo ya dharura. Jaza jina, magonjwa, mzio, dawa na namba za kupigia. Mwokoaji anaweza kuyaona bila kufungua nywila.

Kisha alamu za dawa. Hapa pana mtego. Mwaka mmoja kijana alimwekea baba yake alamu ya "saa 2 usiku". Kwenye simu akaandika 02:00. Mzee wa watu akawa anaamshwa saa nane ya usiku kumeza kidonge, anawaamsha na wenzake chumbani, na anamlaani fundi, ambaye si mimi. Saa 2 usiku ni 20:00. Weka simu kwenye mtindo wa saa 24, kisha alamu ipe jina: "Dawa ya presha, moja."

Habari njema ni kwamba Makka na Tanga saa ni moja. Alamu hazibadiliki akifika Jeddah. Jua ndilo linalotofautiana, kwa hiyo usifunge dawa kwenye "baada ya magharibi". Ifunge kwenye saa.

## Hatua ya 3: Mfundishe kupima sawasawa

Namba mbovu ni mbaya kuliko kukosa namba, maana inawatia watu hofu au inawapa matumaini ya uongo. Kaa naye kitako, mfanye pamoja.

Presha. Aende haja ndogo kwanza. Akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishanisha, mkono juu ya meza au mto usawa wa moyo. Mkanda ufungwe kwenye ngozi, si juu ya mkono wa baibui wala kanzu. Asiwe amekunywa kahawa ndani ya nusu saa, na hili kwa watu wa Tanga ni mtihani. Asizungumze mashine ikikaza. Apime mara mbili, kwa kupishanisha dakika moja, na atume zote mbili. Asubuhi apime kabla ya dawa.

Sukari. Anawe mikono kwa maji, aikaushe, ndipo atoboe ubavuni mwa kidole. Sababu ni tende. Mtu amemenya tende, vidole vinanata, anatoboa hapohapo: mashine itasoma sukari ya tende pamoja na ya damu, na namba itaruka juu. Kopo la vijiti lifungwe mara tu anapotoa kimoja. Kwa kawaida vinataka joto lisilozidi nyuzi 30. Ukiviacha ndani ya basi lililoegeshwa juani, vimekwisha hata kama tarehe haijapita.

Oksijeni. Kidole kiwe na joto na kisiwe na rangi. Akina mama zetu hawaendi Hija bila hina, na wengine hupaka piko jeusi mpaka kwenye kucha. Kifaa hiki hufanya kazi kwa mwanga kupenya kidoleni. Rangi nyeusi inauziba. Mwambie aache kidole kimoja cha kila mkono bila piko. Shangazi yangu alikataa katakata, akasema ataonekana kama amepakwa na kipofu. Tukakubaliana kidole cha mwisho.

Joto la mwili. Themomita kwapani mpaka ilie, akiwa kivulini kwa muda. Zile bunduki za kuelekeza kwenye paji la uso hudanganya mtu akitoka juani.

Umefaulu: mzee anapima peke yake wewe ukiwa chumba kingine, na namba zake zinakaribiana na utakazopata wewe baada ya dakika chache.

## Hatua ya 4: Mazoezi ya wiki nne, akiwa bado nyumbani

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wote wanaonirudia na malalamiko. Mzee akiwa Makorora na wewe Chumbageni, mfanye kama ameshasafiri. Asubuhi na jioni atume vitu viwili tu: picha ya kioo cha mashine, na ujumbe mfupi wa sauti. "Asubuhi. Nimelala vizuri, nimekula, dawa nimemeza, choo kidogo kinatoka." Basi.

Picha, kwa sababu namba ikitajwa kwa mdomo hugeuka njiani. Sauti, kwa sababu pumzi na ulimi wa mzazi wako unaujua. Akiongea kwa kukatakata maneno, au maneno yakimteleza, utajua kabla mashine haijasema. Na choo kidogo kitaje bila haya: mkojo mchache wa rangi ya chai ya rangi ni dalili ya kukaukiwa maji.

Wewe jibu kila mara, hata kwa neno moja. Mzee asiyejibiwa siku tatu huacha kutuma.

Pamoja na hayo, atembee. Sa'i peke yake, mizunguko saba kati ya Safa na Marwa, ni kilomita 3 na kidogo, na hapo hujahesabu tawafu ya kuizunguka Kaaba wala njia ya Jamarati kwenye kurusha mawe. Programu ya hatua kwenye simu itakwambia amefika wapi. Aongeze taratibu, asubuhi mapema, na viatu vilevile atakavyovaa. Kama kilomita 3 zinamshinda hapa tambarare, zungumzeni mapema habari ya kiti cha magurudumu, badala ya kukitafuta akiwa kule miguu imevimba.

Umefaulu: siku saba mfululizo ametuma bila kukumbushwa. Kama hajafika hapo, tatizo ni mpango wako, hurahisishi vya kutosha. Punguza vipimo.

## Hatua ya 5: Laini, intaneti na kadi ya Nusuk

Laini ya Saudia, iwe ya STC, Mobily au Zain, husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole, kama kwetu. Simu iwe ya laini mbili: ya Tanzania ibaki ndani kupokea SMS, data yake izimwe isije ikala salio kwa bei za ughaibuni, ya Saudia ndiyo ibebe intaneti.

Tahadhari: WhatsApp ikimuuliza kama abadilishe namba, akatae. Akikubali, nyie huku mtakuwa mnaandikia namba ambayo haipo.

Usipange kutegemea simu za sauti na video za WhatsApp. Saudia zimekuwa zikikataa miaka na miaka, wakati ujumbe, picha na sauti zilizorekodiwa hupita. Kwa kupiga, tumia namba kamili inayoanza na +966. Hifadhi tatu: yake, ya mwenzake wa chumba, na ya kiongozi wa kikundi.

Kila hujaji halali hupewa kadi ya Nusuk yenye msimbo wa kuskani unaobeba taarifa zake, na ipo pia ndani ya programu ya Nusuk. Mwambie kadi iwe shingoni muda wote, hata chooni. Mzee akipotea au akianguka, mhudumu akiskani ndipo hujulikana ni nani na kambi yake ni ipi. Nawe omba picha ya kadi pande zote mbili siku atakayopewa.

## Hatua ya 6: Jua kusoma namba za kule

Hii niwape kwa undani maana ilitukuta sisi wenyewe.

Saa tano usiku inaingia picha ya mashine ya sukari kutoka kwa shangazi. Mashine si yake; yake iliisha betri, kaazima kwa jirani wa chumba. Imeandika 142. Shangazi nyumbani anazoea 7, siku akila wali wa nazi inafika 9. Binamu akaandika kwenye kundi la ukoo, "SUKARI 142!!!" Mjomba wa Muheza akaanza kusoma Yasini. Wengine wakawa wanauliza bei ya tiketi. Tunapiga, shangazi hapokei. Mpaka saa nane, muuguzi mmoja jirani yetu alipoamshwa, akauliza swali moja: "Pembeni pameandikwa nini?" Pameandikwa mg/dL. "Gawanyeni kwa 18." Tukagawanya: 7.9. Shangazi alikuwa amelala zake.

Mashine zetu nyingi husoma mmol/L. Saudia utakuta sana mg/dL. Kumbuka: namba kubwa gawa kwa 18 upate ya nyumbani; ya nyumbani zidisha kwa 18 ukitaka kumwambia daktari wa kule. 4 ya kwetu ni kama 70 yao. 10 yetu ni 180 yao. Ndiyo maana picha lazima ionyeshe kioo chote pamoja na maandishi ya mmol/L au mg/dL.

## Hatua ya 7: Siku za Mina, Arafa na Muzdalifa

Kuanzia tarehe 8 Mfungo Tatu mpango unabadilika. Mtandao unaelemewa na umati, chaja ni za kugombania, na yeye ana ibada. Usimdai kama ulivyozoea. Mara moja kwa siku inatosha kwa asiye na tatizo kubwa, na neno "mzima" kwa SMS likubalike. SMS mara nyingi hupita intaneti ikikwama. Mkubaliane kabla: siku ya Arafa kimya kinaweza kuwa cha saa nyingi, na hakina maana ya msiba.

Kabla hajatoka hemani kwa mara ya kwanza Mina, ahifadhi mahali lilipo hema kwenye ramani ya simu na apige picha ya namba ya kambi. Mahema yote ni meupe na yanafanana. Akienda Jamarati akutumie eneo lake la moja kwa moja kwa saa 8. Hata betri ikiisha, utajua alipoonekana mwisho.

Kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni akae kivulini. Alamu ya kunywa maji iwe kila nusu saa, glasi kwa glasi, pamoja na maji ya chumvichumvi za pakiti kama daktari ameruhusu. Mwanamume aliyehirimia, yaani aliyeingia kwenye ihramu, hafuniki kichwa kwa kofia, lakini mwavuli anashika. Kuhusu saa ya mkononi ndani ya ihramu, masheikh wengi wa sasa hawaoni tatizo, ila muulize sheikh wa kikundi chenu ili moyo wake utulie.

Insulini isikae juani wala kwenye mzigo wa chini wa ndege. Kule juu inaweza kuganda, na ikishaganda haifai tena.

## Hatua ya 8: Namba ikiwa mbaya

Kama hana dalili za dharura zilizotajwa hapa chini, rudia kipimo kwanza, baada ya dakika tano za kutulia. Ikibaki vilevile:

- Presha 180 kwa 120 au zaidi, pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, mdomo kupinda au upande kulegea: dharura. Dalili hizo hata presha ikiwa nzuri ni dharura.
- Sukari chini ya 4 (70 yao): vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, kama yuko macho na anameza. Apime tena baada ya dakika 15. Hili hutokea zaidi baada ya matembezi marefu, na mwenzake wa chumba lazima alijue.
- Oksijeni chini ya 94: aonwe na daktari wa kikundi. Ikifika 90 au chini: dharura.
- Joto la mwili linalokaribia 40 na mtu anaongea ovyo, anayumba au amezimia: ameshikwa na joto. Kivulini mara moja, nguo zipunguzwe, amwagiwe maji na apepewe, huku msaada ukiitwa. Usimnyweshe asiye na fahamu.

Anayepiga simu ya msaada ni mtu aliye naye, kwa sababu namba fupi za Saudia hazipigiki ukiwa Tanga. Makka dharura ni 911, gari la wagonjwa la Hilali Nyekundu ni 997, na ushauri wa afya ni 937. Ziandike nyuma ya daftari. Kazi yako wewe ni kumpigia mwenzake wa chumba, asipopokea kiongozi, kisha kutuma ule ukurasa wa hatua ya 1.

Kosa la kuepuka: kuweka picha hizi kwenye kundi la ukoo. Mpokeaji ni mmoja; wengine wapewe neno "mzima" au "tunalishughulikia". Taarifa za afya za mtu ni zake, na tangu 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayozihesabu kuwa taarifa nyeti. Mwombe ruhusa yeye mwenyewe, kabla ya safari, nani aone nini.

## Hatua ya 9: Akisharudi

Endelea kumpima wiki mbili. Kikohozi cha kutoka Hija ni cha kawaida, lakini kikija na homa au kubanwa pumzi ndani ya siku 14, mpeleke hospitali na useme mlangoni kabisa kwamba ametoka Saudia. Kuna magonjwa ya njia ya hewa ya kule, kama yale ya virusi vya MERS, ambayo daktari hatayafikiria asipoambiwa. Wageni wa kuja kumpa mkono na kunywa zamzam wasubiri.

Picha zote za vipimo zipange kwa tarehe, uzipeleke kliniki siku yake ya kawaida. Mashine ifutwe vumbi, mkanda uanikwe kivulini, na betri zitolewe. Zikiachwa ndani miezi kumi zinavuja, na mwakani utaniletea mimi nikwangue kutu.